Toka Lovanium hadi Lubumbashi: wakati vyuo vyetu vikuu vilinyamazishwa

Wengi wetu tuko mbali na nyumbani, na vijana wetu wamekatisha masomo. Huko kambini na katika familia zilizotupokea, watu wanauliza: uhuru wa maprofesa unatuhusu nini wakati sufuria iko tupu? Tuangalie historia ya nchi yetu.

Chuo kikuu cha kwanza, Lovanium, kilianzishwa na Wakatoliki huko Kinshasa mwaka wa 1954. Kile cha serikali kilifuata Lubumbashi mwaka wa 1956, na cha Waprotestanti kule Kisangani mwaka wa 1963. Kila kimoja kilikuwa na uongozi wake.

Tarehe 4 mwezi wa sita 1969, wanafunzi wa Lovanium waliandamana Kinshasa. Waliomba bursi ya kutosha na sauti katika uongozi wa chuo. Askari jeshi waliwafyatulia risasi. Serikali ilitaja wafu wachache. Wanafunzi walitaja wengi zaidi.

Mwaka wa 1971, vijana walipotaka kuwakumbuka wenzao, Lovanium ilifungwa na wanafunzi wakaingizwa jeshini kwa lazima. Mwezi wa nane mwaka huohuo, vyuo vyote vitatu vilifanywa kimoja, UNAZA. Masomo ya lugha na historia yalipelekwa Lubumbashi, ya ualimu na saikolojia Kisangani. JMPR, vijana wa chama cha Mobutu, ikawa sauti moja tu iliyokubaliwa kwa wanafunzi.

Hapo mwalimu naye alifungwa mikono. Kazi yake, cheo chake, mahali pa kufundisha na mshahara wake, vyote vilitegemea mamlaka moja. Kwa hali hiyo hakuna haja ya gereza. Inatosha kumhamisha mtu mbali na jamaa yake, ao kumchelewesha mshahara, na wenzake wote wanaelewa.

Wengine walikataa. Profesa Valentin-Yves Mudimbe, mzaliwa wa Likasi aliyefundisha Lubumbashi, alikwenda Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980 badala ya kuingia katika Kamati Kuu ya MPR. Ernest Wamba dia Wamba, aliyefundisha historia Dar es Salaam, alikamatwa alipofika Kinshasa mwaka wa 1981, kwa sababu ya maandishi yake. Wasomi wa nchi mbalimbali walipaza sauti ili aachiliwe.

Huku mashariki Wamba tunamkumbuka kwa jambo lingine: mwaka wa 1998 aliongoza RCD, uasi uliotuletea mateso mengi. Hayo hatuyasahau. Lakini yeye kukamatwa kwa ajili ya karatasi kulikuwa kosa pia. Tukilinda haki ya wale tunaowapenda tu, hiyo si haki tena, ni upendeleo.

Tarehe 24 mwezi wa ine 1990, Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja. Hata mwezi haukuisha. Usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 mwezi wa tano, wanafunzi walishambuliwa katika chuo kikuu cha Lubumbashi. Serikali ilikubali mfu mmoja. Wengine walisema makumi, hata zaidi. Ubelgiji ikasimamisha msaada wake.

Mwaka huohuo waalimu wa vyuo vikuu vya Tanzania walitoa tangazo la Dar es Salaam juu ya uhuru wa elimu, na wasomi wa Afrika wakatoa la Kampala mwezi wa kumi na moja. Walidai mwalimu asifukuzwe kazi wala kufungwa kwa sababu ya mawazo yake. Kwetu, Katiba ya 2006, kifungu cha 46, inahakikisha uhuru wa utafiti.

Sasa turudi kwa swali letu. Mwaka wa 1969 na 1990, hesabu ya wafu ilibaki ugomvi, kwa sababu wale ambao kazi yao ni kuuliza na kuandika walizibwa mdomo. Sisi tuliokimbia tunajua uchungu huo: kuna ndugu zetu waliozikwa bila jina lao kuandikwa popote. Siku moja mtu atapaswa kuja kuuliza ni nani, wapi, na nani aliwaua. Mtu huyo atatoka katika vyuo vyetu. Akiwa na hofu ya kupoteza mshahara, hatakuja.

Kwa hiyo, waalimu wakidai haki yao, tusiseme ni mambo ya wakubwa. Tuwaunge mkono. Na nyinyi wazazi, tunzeni buletini na diploma za watoto hata mkiwa njiani, ili warudie masomo.