Inchi 26 Zilitoka Wapi? Historia Fupi ya Baiskeli ya Mlimani

Ukitaka kununua baiskeli ya mlimani leo, maswali mawili yanakusubiri dukani: magurudumu ya inchi ngapi, na shokapu ziwe mbele tu au mbele na nyuma? Muuzaji atakujibu kana kwamba anasoma sheria ya fizikia. Historia inasema vingine. Jibu lililotawala kwa zaidi ya miaka 20, yaani inchi 26, halikutokana na hesabu wala maabara. Lilitokana na baiskeli chakavu.

Twende kaunti ya Marin, California, miaka ya 1970. Vijana wa huko walikuwa wakifufua baiskeli za zamani, hasa Schwinn zilizotengenezwa kabla na wakati wa Vita Kuu ya Pili, na kuteremka nazo milimani. Kwa nini hizo kuukuu? Kwa sababu ya tairi. Mwaka 1933 Schwinn ilileta Marekani tairi nene za kipenyo cha inchi 26, na unene huo ndio uliohimili mawe. Baiskeli za mbio zilikuwa na tairi nyembamba, huko zisingefika mbali.

Oktoba 1976 wakaanzisha mashindano karibu na mji wa Fairfax: mteremko wa takriban mita 400 ndani ya kilomita 3 na kitu. Breki ilikuwa ndani ya habu ya nyuma. Ukitaka kusimama unakanyaga pedeli kinyumenyume. Habu ilipata moto mpaka grisi ikaungua, na ukifika chini ilibidi uifungue na kuijaza grisi upya. Ndiyo maana mteremko ule ukaitwa Repack.

Mwaka 1977 Joe Breeze akaunda fremu mpya mahususi kwa njia hizo. Mwaka 1979 Gary Fisher na Charlie Kelly wakaanza kuuza baiskeli zenye fremu za Tom Ritchey, na mwaka 1981 Specialized ikatoa Stumpjumper, iliyotengenezwa kwa wingi. Zote inchi 26, maana ringi na tairi pana zilizopatikana zilikuwa za saizi hiyo. Basi, waliotengeneza tairi walifuata baiskeli, na waliotengeneza baiskeli walifuata tairi.

Fizikia nayo ilikuwa na la kusema. Chukua jiwe la sentimita 8. Gurudumu la inchi 26 linaligonga kwa pembe ya kama digrii 41. La inchi 29 kwa kama digrii 38. Tofauti ni ndogo, lakini ukigonga mamia ya mawe kwa saa moja, mikono itakwambia. Hata hivyo, tairi pana ya inchi 29 kwa ajili ya njia za milimani ilikuja mwaka 1999. Nayo ina gharama yake: gurudumu kubwa ni zito zaidi, huchelewa kushika kasi, na kwenye kona kali halina wepesi. Inchi 27.5 ikaingia katikati kama suluhu.

Shokapu zilipita njia kama hiyo. RockShox ilileta foki yake ya kwanza mwaka 1989, na baadaye shokapu za nyuma zikaenea. Tairi la nyuma likashika ardhi vizuri zaidi, lakini uzito, bei na matengenezo vikapanda, na sehemu ya nguvu ya miguu ikaishia kwenye kubonyea.

Sasa kipi ni bora? Tazama Olimpiki ya London 2012. Jaroslav Kulhavý alikuwa na inchi 29 na shokapu mbele na nyuma. Nino Schurter alikuwa na inchi 27.5 na shokapu ya mbele tu. Njia ni ileile, na baada ya karibu saa moja na nusu Kulhavý alishinda kwa sekunde moja.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, jiulize utapita wapi. Kama ni njia za udongo zenye milima ya kupanda, shokapu ya mbele inatosha, na pesa inayobaki iende kwenye breki na tairi nzuri. Kama ni miteremko ya mawe, ya nyuma inalipa. Na kama bajeti ni ndogo, ogopa baiskeli ya bei chee yenye shokapu mbili: mara nyingi utabeba uzito wote bila kupata ulaini. Ile ya inchi 26 iliyopo nyumbani bado inateremka, na breki zake huenda ni bora kuliko za Repack.