Bethel, Lutindi na Kifafa

Walutheri tunayo Bethel yetu, mbali na ile ya Yakobo. Iko Bielefeld, Ujerumani. Mwaka 1867 Wakristo wa huko walifungua nyumba ya watu wenye kifafa. Mwaka 1872 aliitwa mchungaji Friedrich von Bodelschwingh kuiongoza, na mikononi mwake ikakua kuwa kijiji chenye mashamba na karakana, kwa maana alitaka mgonjwa naye awe na kazi. Dawa ya wakati ule ilikuwa bromidi, iliyopunguza kuanguka lakini ikamwacha mtu amesinzia. Fenobabitali, ambayo wagonjwa wetu wanameza hata leo, ilikuja 1912.

Watu wa Bethel walifika pia Usambara. Pale Lutindi, makao yaliyoanzishwa 1896 kwa watoto waliokombolewa utumwani yaligeuzwa 1904 kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Kifafa ni ugonjwa wa ubongo, si wazimu, ingawa hadi sasa wengi wetu tunafuata dawa zake kliniki ya afya ya akili, na majirani wanaona tunakoingia.

Sehemu inayofuata hatupendi kuisimulia. Tarehe 14 Julai 1933 serikali ya Hitler ilitunga sheria ya kuwafunga uzazi watu wenye magonjwa yaliyosemwa kuwa ya kurithi, kifafa kikiwemo. Bethel, chini ya Fritz, mwana wa Bodelschwingh, iliikubali. Zaidi ya wagonjwa 1,000 wake walifungwa uzazi. Baadaye serikali ilipotaka wagonjwa wauawe, Fritz huyo huyo alipinga.

Kosa lilianzia kwenye neno "kurithi". Kifafa cha ukoo kipo, lakini kinachoanza ukubwani mara nyingi kina chanzo kingine: kiharusi, jeraha la kichwa (tunafikiria bodaboda), uvimbe, maambukizi ya ubongo, pombe nyingi. Katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, watafiti akiwemo Andrea Winkler walikuta kwa baadhi ya wagonjwa vifuko vya tegu wa nguruwe ndani ya ubongo. Havitokani na kula kitimoto moja kwa moja. Mtu mwenye tegu tumboni hutoa mayai katika kinyesi. Mayai yakifika kwenye maji, mboga au mikono isiyonawa, hata asiyeonja nguruwe huyameza. Choo kinahusika kuliko ukoo.

Duniani watu wapatao milioni 50 wana kifafa, wengi wao katika nchi kama yetu, na hadi 70 kati ya kila 100 wangeweza kuishi bila kuanguka wakipata dawa ipasavyo.

Katika Marko 9 Yesu anamwuliza baba wa kijana amepatwa na hali ile tangu lini. Mama mmoja wa usharika wetu aliyeanza kuanguka akiwa na miaka zaidi ya 40 aliletwa kwetu mara tatu. Tulimwekea mikono mara zote tatu. Swali lile hatukumwuliza.