Ubungo: Jimbo Lisilo Ngome ya Chama

Kila uchaguzi mkuu unapokaribia, wachambuzi wetu hugawa majimbo ya Dar es Salaam kama mtu agawaye karata: hili ngome ya chama hiki, lile ngome ya chama kile. Ubungo iliitwa ngome ya upinzani kwa miaka kumi, kuanzia 2010 hadi 2020. Baada ya hapo tukaambiwa kuwa "limerudi nyumbani" CCM. Nadhani kauli zote mbili zinapingana na historia. Wapiga kura wa Ubungo hawajawahi kuwa na chama cha kudumu. Wamekuwa na madai ya kudumu.

Madai hayo yanaanzia kwenye ardhi. Chuo Kikuu kilihamia Mlimani mwaka 1964. Mwaka 1968 kiwanda cha nguo cha Urafiki, kilichojengwa kwa msaada wa China, kikafunguliwa kando ya Barabara ya Morogoro. Kibarua wa kiwandani alihitaji chumba cha kupanga karibu na kazi, naye alikipata Manzese na Mabibo, mitaa iliyokua bila ramani ya mipango miji. Katika miaka ya 1970, kwa fedha za Benki ya Dunia, serikali ilipima viwanja Sinza na kuanza kuboresha makazi ya Manzese. Baadaye jiji likapanda barabara kuelekea Kimara, Mbezi na Kibamba. Huko watumishi na wafanyabiashara walinunua mashamba, wakajenga chumba kimoja kimoja, na kuhamia kabla ya bomba na barabara kufika.

Jimbo hili, basi, lina mpangaji wa Manzese, mwenye kiwanja cha Sinza na mjenzi wa pembezoni. Vipato vyao havilingani, lakini wote wanajua maana ya kutangulia huduma na kuisubiri. Mtu aliyenunua maji kwa madumu miaka kumi hupiga kura kama mdai, si kama mfuasi.

Tutazame kura zenyewe. Mwaka 1995 uchaguzi wa majimbo yote ya Dar es Salaam ulifutwa kwa sababu ya vurugu za maandalizi, ukarudiwa mwezi Novemba. Ubungo ilimpeleka bungeni Dk. Masumbuko Lamwai wa NCCR-Mageuzi. Mwaka uliofuata Halmashauri ya Jiji ilivunjwa, na mahali pake ikawekwa Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja. Tume hiyo haikuchaguliwa na mwananchi yeyote, ila iliondoa taka na kukarabati barabara. Mwaka 2000, NCCR ikiwa imesambaratika kwa migogoro yake, CCM ilimsimamisha Keenja huyo huyo. Alishinda, na akashinda tena mwaka 2005 dhidi ya kijana wa Chadema, John Mnyika.

Mwaka 2010 Mnyika alirudi, na safari hii ajenda yake kuu ilikuwa maji. Inasemwa mara nyingi kwamba Ubungo ilichukuliwa na kura za wanafunzi wa Mlimani. Hoja hiyo ina kasoro kubwa: mwaka huo vyuo vikuu vilifunguliwa baada ya uchaguzi, na wanafunzi wengi waliojiandikisha chuoni hawakuwapo kupiga kura. Mnyika alishinda hata hivyo. Shauri la kupinga ushindi wake likatupwa na Mahakama Kuu mwaka 2012. Waliompa jimbo walikuwa wenye ndoo, si wenye madaftari peke yao.

Mwaka 2015 jimbo liligawanywa. Kata za pembezoni kama Mbezi, Goba na Kwembe zikawa jimbo la Kibamba, alikokwenda Mnyika. Ubungo iliyobaki ikamchagua Saed Kubenea. Majimbo yote mawili yakabaki Chadema. Kisha mwaka 2017 nyumba nyingi kuanzia Kimara kuelekea Kiluvya zikabomolewa kupisha upanuzi wa barabara. Wale waliotangulia huduma waliiona ikija, nayo ikawakuta sebuleni.

Mwaka 2020 CCM ilimsimamisha Ubungo Profesa Kitila Mkumbo, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Wizara ya Maji. Msomaji atakumbuka mwaka 2000. Mara zote mbili chama tawala kilipolitwaa jimbo hili kutoka kwa upinzani, hakikuleta kada wa majukwaani. Kilimleta mtu aliyeshika dawati la huduma ambayo wananchi walikuwa wakiidai. Ni dalili kwamba CCM yenyewe inaijua Ubungo kuliko wachambuzi wake.

Wala wananchi si wao peke yao waliobadilika. Lamwai alihamia CCM. Kubenea alihamia ACT-Wazalendo. Profesa Mkumbo alipita Chadema na ACT-Wazalendo kabla ya kufika CCM. Wawakilishi wanapohama hivyo, kumtaka mpiga kura abaki "ngome" ni kumdai uaminifu ambao hakuna aliyempa.

Hata hivyo, kuna tofauti moja kati ya 2000 na 2020. Matokeo ya 2020 yalikataliwa na vyama vikuu vya upinzani, vilivyodai uchaguzi ulivurugwa nchini kote. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwa uhakika kama mkazi wa Kimara alisamehe tingatinga, au alilipa fadhila ya bomba, au hakuhesabiwa. Hasara hiyo haiko kwa upinzani tu. Kwa robo karne kura ya Ubungo ilikuwa mita ambayo serikali iliweza kuisoma na kujua deni lake kwa wananchi. Mita ikishukiwa, deni halifutiki. Linaendelea kukua bila mtu wa kulisoma.