Moyo Ukifunguliwa, Ubongo Ulindwe

Mwalimu Nyerere alipoifungua Hospitali ya Bugando mwaka 1971, pale kilimani juu ya jiji la Mwanza, upasuaji wa moyo kwa mashine ulikuwa bado mchanga duniani. Mashine ya moyo na mapafu ilifaulu kwa mara ya kwanza Philadelphia, Mei 6, 1953, mikononi mwa Dk. John Gibbon.

Kilichowakwaza madaktari tangu mwanzo ni ubongo. Ukikosa damu kwa dakika nne hivi, huanza kufa. Ndiyo sababu mwaka 1954, huko Minnesota, Dk. Walton Lillehei alithubutu jambo la kutisha: mtoto alilazwa meza moja, mzazi meza ya pili, wakaunganishwa kwa mipira, na moyo wa mzazi ukapiga kwa niaba ya wote wawili. Watoto wengi walipona. Lakini mama mmoja, aliyeingia chumbani akiwa mzima, aliingiwa na hewa mishipani, ubongo wake ukaharibika. Uchungu ulioje!

Hewa hiyo ingali adui. Mapovu yakibaki ndani ya moyo, ukianza kupiga huyasukuma hadi kichwani. Matokeo huweza kuwa kiharusi, au usahaulifu unaogunduliwa na ndugu nyumbani, kidonda kikiwa kimeshapona.

Tanzania ilianza kufungua moyo katika Hospitali ya Muhimbili mwaka 2008. Kabla ya hapo wagonjwa walipelekwa India. Bugando nayo ikafuata. Kanda ya Ziwa, vijana wengi wenye moyo mbovu wameharibiwa vali za moyo na homa ya baridi yabisi, iliyoanza na mafindofindo ya utotoni. Vali ikisinyaa, damu hutuama moyoni, ikaganda, bonge likapanda kichwani hata kabla ya kisu. Kwa hiyo kukimbia upasuaji kwa kuogopa kiharusi si usalama.

Anayewekewa vali ya chuma humeza wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, maisha yake yote. Ikipungua, damu huganda. Ikizidi, huweza kuvuja ubongoni. Lazima damu ipimwe mara kwa mara. Mkazi wa kisiwa cha Ukara akitakiwa kupimwa Mwanza, hupanda kivuko hadi Bugolora, gari hadi Nansio, kisha meli. Safari yote hiyo, ilhali kuna kipimo cha tone la damu ya kidole, kwa mashine inayoshikika mkononi. Kila hospitali ya wilaya inayohudumia visiwa inastahili kuwa nacho.