Laini nne Katangi, na swali la mzee

Nilikuwa Katangi, nikifungia ofisi moja ndogo simu za intaneti: meza nne, namba moja ya nje, na mteja akipiga anapokelewa na yeyote aliye huru. Kompyuta ndogo yenye Asterisk, swichi, simu nne za SIP, basi. Mwenye ofisi, mzee wa makamo ya babu yangu, akaniuliza: "Kijana, serikali inaruhusu hii?"

Nilicheka, lakini swali lake lina historia.

Sheria ya Mawasiliano ya 1998 iligawa Shirika la Posta na Simu mwaka 1999. Telkom Kenya ikarithi simu za waya, CCK ikawa msimamizi. Telkom ilibaki na ukiritimba wa njia za ng'ambo hadi 2004, na kupiga simu kupitia intaneti kulikuwa marufuku. Sababu si siri: pesa zilikuwa kwenye dakika za ng'ambo. Hata data ya ndani haikupona. Mwishoni mwa 2000 kampuni za intaneti zilifungua KIXP Nairobi, ili barua pepe ya Mkenya kwa Mkenya isizunguke ughaibuni kwanza. Telkom ikalalamika, CCK ikaifunga. Ilifunguliwa tena 2002. Hebu fikiria!

Na mwaka uleule wa 1999, kule Alabama, kijana Mark Spencer alihitaji mtambo wa simu kwa kampuni yake changa, akaona bei, akaamua kuandika wake. Ndiyo Asterisk, akaitoa bure. Programu ilikuwepo basi; sisi tulikosa ruhusa na njia. Ruhusa ilikuja ukiritimba ulipoisha. Njia ilisubiri nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS, 2009. Kabla ya hapo sauti ilipanda setilaiti, kilomita 36,000 juu, ikachelewa robo sekunde kwenda na robo kurudi, mkabaki mnakatizana maneno.

Katangi sikuona shida hiyo. Kwa G.711 kila mazungumzo hula kama kilobiti 87 kwa sekunde kila upande, kwa hiyo manne ni takriban 350.

Shida ilikuwa umeme. Ulipotea jioni ya kwanza, na mimi nilikuwa nimesahau kuichomeka swichi kwenye UPS. Simu zote nne kimya.

"Ile ya Posta," mzee akasema gizani, "ilikuwa inalia hata stima ikipotea."

Kweli kabisa: ilikula umeme wa eksichenji kupitia waya wenyewe. Kesho yake nilirudi na betri ya pili.