Pori la Mashariki ya Rulenge

Mtu akitoka Rulenge kushika njia ya mashariki kwenda Biharamulo, huiacha migomba na vilima vya Bushubi, akaingia katika miyombo na vichaka visivyo na nyumba. Wengi hudhani kwamba nchi ile ilikuwa hivyo tangu kuumbwa kwa dunia. Sivyo.

Katika miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka uliingia nchi hizi ukaua ng'ombe wengi mno. Palipokosa ng'ombe wa kula majani, na watu wa kulima walipopungua kwa njaa na maradhi, vichaka viliota katika malisho. Nacho ndicho kivuli akipendacho mbung'o. Wanyama wa mwitu wakaongezeka, naye akapata damu ya kunywa.

Mwaka 1922 malale yalitambuliwa kusini ya Ziwa Victoria. Serikali ya Waingereza ikashika shauri la kuwakusanya watu waliotawanyika porini wakae pamoja, ili mashamba yao yapakane, miti ikatwe, na mbung'o asipate maficho. Biharamulo nayo ilifanyiwa hivyo. Shauri hilo liliokoa maisha, twakubali. Lakini wenyeji waliamriwa tu, wakaacha makao ya wazee wao. Nchi waliyoiacha ikamezwa na miti, na baadaye ikawekwa kuwa mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi, ambamo kulima kumekatazwa.

Basi mipaka ile ilijaribiwa vikali mwaka 1994. Tarehe 28 Aprili Wanyarwanda waliokimbia vita na mauaji walianza kuvuka daraja la Rusumo, na kwa muda wa siku moja tu walifika watu wapatao 250,000. Walipiga kambi Benaco, penye jina la kampuni ya Kiitalia iliyojenga barabara. Chakula cha msaada kilikuwa mahindi na maharagwe, na kila mtu ajuaye jiko la mafiga matatu anajua maharagwe yanavyokula kuni. Miti ya karibu ikaisha. Wanawake wakatembea mbali zaidi kila mwezi. Miti mingine ilipigwa alama isikatwe, na wawindaji wakaingia Burigi kutafuta nyama. Hatuwalaumu wakimbizi. Aliyekimbia na chungu kichwani hawezi kungoja mche ukue. Wengi wao walirudishwa Rwanda Desemba 1996, wakaacha vilima vitupu.

Mwaka 2019 mapori yale matatu yaliunganishwa yakawa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, yenye eneo la zaidi ya kilometa za mraba 4,700. Sheria ya hifadhi ya taifa ni kali kuliko ya pori la akiba, na ng'ombe hawaruhusiwi kabisa kulishwa ndani. Kwa mfugaji wa mpakani jambo hili ni zito, hasa wakati wa kiangazi. Mbung'o, yeye, hakuhamishwa. Hata leo yumo humo.