Hakuna Kulala: Lebo ya Kampala, Mkono wa Kongo

Kutoka hapa Beni, mashariki mwa Kongo, barabara ya mashariki hufika mpaka wa Kasindi, kisha Uganda. Kampala ndiko Rey Sapienz, mtayarishaji wa muziki Mkongomani, alikoshiriki kuanzisha Hakuna Kulala, tawi la lebo huru ya Nyege Nyege Tapes. Mwaka 2017 lebo hiyo mama ilitoa *Sounds of Sisso*, mkusanyiko uliowafikishia wasikilizaji wa ng'ambo muziki wa singeli wa Mburahati, Dar es Salaam.

Muziki wa hausi, unaotegemea mashine za midundo, ulizaliwa Chicago miaka ya 1980. Mashine zilezile za midundo, mikononi mwa vijana wa kwetu, zinatoa sauti nyingine kabisa, yenye ngoma za Kongo ndani yake. Sikiliza *Na Zala Zala* (2021), albamu ya Sapienz na Congo Techno Ensemble. Ni kazi inayostahili kuhifadhiwa.